Muhuri wa Chifu si Ushuru wa Stempu

Mali bila daftari hupotea bila habari. Ndivyo walivyotuusia wahenga, na kwa hakika Mkenya wa leo ameutia usia huo moyoni. Ni nadra siku hizi kumpata mtu anayenunua kiwanja kwa neno la mdomo tu. Hata kule mashinani, muuzaji na mnunuzi hukutana mbele ya mashahidi, wakaandikiana, wakatia sahihi, na mwenye uwezo akamwita wakili. Swali ninalotaka kulizua katika makala haya ni hili: mali ikiwa na daftari, na bado ikawa hatarini kupotea, tumlaumu nani?

Nina sababu ya kuuliza. Mjomba wangu alinunua kiwanja cha futi 50 kwa 100 katika kituo kidogo cha biashara mnamo mwaka wa 2013. Mkataba uliandikwa kwa mkono, kwa Kiswahili, katika ofisi ya naibu wa chifu. Muuzaji alitia sahihi, mjomba akatia yake, mashahidi wanne wakatia zao, na mwishowe naibu wa chifu akaugonga muhuri wa ofisi, wa wino wa buluu, wenye tarehe. Mjomba aliukunja mkataba huo, akautia katika mfuko wa plastiki na kuufungia sandukuni pamoja na kadi za kliniki za watoto wake. Kisha akajenga nyumba ya mawe ya vyumba vitatu. Miaka tisa ikapita. Muuzaji akafariki, na wanawe, waliokuwa wadogo wakati wa mauziano, wakaenda mahakamani kudai kwamba baba yao alikikodisha tu kiwanja kile, hakukiuza.

Siku ya kusikizwa kwa kesi mjomba alikwenda bila wakili. Aliamini kwamba mkataba ungemsemea. Alipoutoa tu, wakili wa upande wa pili akasimama na kupinga: hati hii haijalipiwa ushuru wa stempu, kwa hivyo sheria hairuhusu ipokelewe kama ushahidi. Mjomba akauinua mkataba juu, akaonyesha muhuri wa naibu wa chifu. Baadhi ya waliokuwamo wakacheka. Jioni ile alinipigia simu.

"Mpwa wangu," akaniambia, "wewe ndiwe unayesomea Kiswahili huko chuoni. Hebu nieleze. Muhuri huu si muhuri?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia ningeuliza. Nimeuliza, nimesoma, na jibu nililolipata limenifanya niamini kwamba jambo hili linatuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili kama linavyowahusu wanasheria, au pengine zaidi.

Tuanze na sheria yenyewe. Sheria ya Ushuru wa Stempu, ambayo ni Sura ya 480 ya Sheria za Kenya, ni ya mwaka wa 1958. Ushuru huu hutozwa hati, wala si mali yenyewe. Mkataba wa mauziano ni hati, hati ya kuhamisha umiliki ni nyingine, na vivyo hivyo hati ya kukodisha na ya kuweka rehani. Mkataba wa mauziano hutozwa kiasi kidogo mno: shilingi 200 kwa nakala asilia na shilingi 20 kwa kila nakala ya ziada. Mzigo mkubwa huja katika hati ya uhamisho, ambapo mnunuzi hulipa asilimia 4 ya thamani ya ardhi iliyo katika eneo la mji, au asilimia 2 ikiwa ardhi iko mashambani. Hati inapaswa kuwasilishwa ili ikadiriwe ushuru katika muda wa siku 30 baada ya kutiwa sahihi. Muda huo ukipita, mwenye hati hulipa ushuru pamoja na adhabu, na adhabu huongezeka kadiri siku zinavyosonga.

Kifungu cha 19 cha sheria hiyo ndicho kilichomnasa mjomba. Kinasema kwamba hati inayostahili kulipiwa ushuru haitapokelewa kama ushahidi katika kesi ya madai mpaka iwe imelipiwa ipasavyo. Katika kesi ya jinai haizuiliwi. Lakini kifungu hichohicho kimeacha mlango wazi. Mahakama haitakiwi kuitupa hati hiyo. Hutakiwa kuizuia na kumpa mwenye nayo nafasi ya kwenda kwa mtoza ushuru, alipe deni na adhabu, kisha arudi nayo. Kwa maneno mengine, mkataba usiolipiwa ushuru haujafa, bali umefungwa mdomo kwa muda.

Tofauti hiyo ni kubwa, na hata mataifa yenye wanasheria wengi kuliko sisi yamewahi kuyumba katika kuieleza. Nchini India, ambako Sheria ya Stempu ni ya mwaka wa 1899, jopo la majaji watano wa Mahakama ya Juu liliamua mnamo Aprili 2023 kwamba makubaliano ya usuluhishi yaliyomo katika mkataba usiolipiwa stempu hayana nguvu kisheria. Miezi minane baadaye, Desemba 2023, jopo la majaji saba la mahakama iyo hiyo likautangua uamuzi huo. Likasema kwamba kutolipa stempu huzuia hati kupokelewa kama ushahidi, lakini hakuifanyi kuwa batili, kwa kuwa ni kasoro inayoweza kurekebishwa. Ikiwa majaji wa daraja hilo wamelivutania jambo hili, ni haki kweli kumcheka mzee wa kijijini aliyeuinua muhuri wa chifu?

Hakimu aliyekuwa akiisikiliza kesi ya mjomba aliifuata sheria. Aliuzuia mkataba na kumpa mjomba muda wa kwenda kuulipia. Na hapa ndipo penye kichekesho kichungu: fedha alizolipa, ushuru pamoja na adhabu yake, hazikufikia nauli aliyoitumia kwenda na kurudi. Ila safari zilikuwa nyingi. Leo aliambiwa hana nambari ya kulipia kodi katika mtandao, kesho mtandao ulikuwa umelala, keshokutwa alitakiwa alete nakala nyingine. Kesi iliahirishwa mara tatu. Katika kipindi hicho shahidi mmoja kati ya wale wanne, mzee aliyeyakumbuka mauziano vizuri kuliko wote, aliiaga dunia. Hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu halisi ya mjomba, na haikuandikwa katika risiti yoyote.

Sasa turudi kwenye swali lake: muhuri huu si muhuri?

Kiingereza hutumia neno moja kwa alama ya mpira inayogongwa kwa wino, kwa kipande cha karatasi kinachobandikwa kwenye barua, na kwa ushuru huu wa hati. Kiswahili hakifanyi hivyo. Sisi tuna muhuri, neno lililotujia kutoka Kiajemi, ambalo kwa karne nyingi limebeba maana ya alama ya mamlaka inayothibitisha maandishi. Tuna stempu, ambayo kwa Mkenya wa kawaida ni ya posta. Tena tuna ushuru, neno la asili ya Kiarabu lenye mzizi wa hesabu ya kumi, ambalo mwananchi hulihusisha na forodha na ada za sokoni. Karani wa ardhi anapomwambia mnunuzi, kwa mseto wa Kiswahili na Kiingereza, kwamba "mkataba uwe umepigwa stampu," mnunuzi huitika kwa furaha. Anajua umepigwa. Ameuona wino kwa macho yake. Hata anayeambiwa "ushuru wa stempu" kwa Kiswahili fasaha anaweza kudhani kwamba anadaiwa gharama ya kutuma barua.

Tusisahau pia kwamba chifu na naibu wake ni maofisa wa serikali. Mwananchi akienda katika ofisi yenye bendera, akahudumiwa na mtu aliyevaa sare, akagongewa muhuri wenye nembo, atawezaje kujua kwamba serikali hiyohiyo, kupitia dirisha jingine, haitautambua mkataba wake mahakamani? Kwa maoni yake ameshakwenda serikalini. Mtu huyu hakukwepa ushuru, kwani hata hakujua kwamba anadaiwa.

Ushuru wa stempu haukubuniwa kwa ajili yetu. Ulianza Uholanzi mwaka wa 1624, Uingereza ikauiga mwaka wa 1694, na ilipojaribu kuwatwika walowezi wake wa Amerika mwaka wa 1765, ghasia zilizozuka ziliilazimisha kuufuta mwaka uliofuata. Sheria yetu ya 1958 ilitungwa wakati Kenya ikiwa bado katika hali ya hatari, na Mwafrika wa kawaida akiwa ndiyo kwanza anaanza kuandikishiwa ardhi kwa mpango wa hatimiliki. Haikutungwa kwa matarajio kwamba mkulima wa kijijini angeisoma. Ilitarajiwa kwamba mawakili wangeisoma kwa niaba ya wateja wao. Leo, zaidi ya miongo sita baada ya uhuru, viwanja vinauzwa na kununuliwa na bodaboda, na mama mboga, na walimu wa shule za msingi, na wengi wao hawana wakili. Wasomaji waliokusudiwa wamebadilika, ilhali lugha ya sheria ingali ileile.

Nisije nikaeleweka kwamba kila anayelalamikia ushuru huu ni malaika. La hasha! Kuna mzozo wa pili, wenye fedha nyingi zaidi, nao ni wa hati zilizolipiwa ushuru pungufu. Tuseme kiwanja cha mjini kimeuzwa kwa shilingi 3,000,000. Ushuru wa uhamisho, kwa asilimia 4, ni shilingi 120,000. Muuzaji na mnunuzi wanakubaliana kuandika mkataba wa pili unaotaja shilingi 1,000,000 ili ushuru uwe 40,000. Mkataba wa kweli hubaki nyumbani, na ule wa uongo hupelekwa ofisini. Wanapeana mikono wakiamini wameokoa shilingi 80,000.

Ujanja huo una tundu zaidi ya moja. Kwanza, mthamini wa serikali hatazami karatasi peke yake, bali hukadiria thamani ya ardhi. Akisema thamani ni shilingi 2,800,000, ushuru utatozwa juu ya kiasi hicho na bei iliyoandikwa haitamsaidia mtu. Pili, anayefaidi zaidi kwa kawaida ni muuzaji, kwa sababu kodi ya faida inayotokana na uuzaji wa mali ilipandishwa kutoka asilimia 5 hadi 15 kuanzia Januari 2023. Bei ndogo ya karatasini humpunguzia mzigo huo. Tatu, na hili ndilo baya kuliko yote, mauziano yakivunjika ni mnunuzi atakayetaka kurudishiwa fedha zake. Atadai 3,000,000 huku ameshika hati rasmi inayosema 1,000,000. Akitoa ule mkataba wa sandukuni, nao haujalipiwa ushuru, na kwa kuutoa atakuwa amekiri kwamba aliidanganya serikali. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mtu wa namna hii sina neno la kumtetea, na adhabu ya sheria inamstahili.

Hata hivyo, si kila ushuru pungufu ni udanganyifu. Kuna aliyenunua kiwanja kwa bei nafuu kwa sababu muuzaji alikuwa na mgonjwa hospitalini na alihitaji fedha siku hiyohiyo. Bei aliyoiandika ni ya kweli, ila mthamini anaikadiria ardhi kwa thamani kubwa zaidi. Kuna pia aliyenunua shamba pembezoni mwa mji unaokua, akaweka hesabu ya asilimia 2, kumbe eneo limekwisha kuhesabiwa kuwa la mji. Kwa ardhi yenye thamani ya shilingi 1,500,000 tofauti hiyo ni kati ya shilingi 30,000 na 60,000. Watu hawa wawili hawakuficha kitu, lakini wanapoelezwa kwa lugha wasiyoielewa kwamba wamelipa pungufu, huondoka wakiamini wameibiwa na ofisa wa serikali. Huko ndiko imani katika kodi inakofia.

Najua hoja itakayotolewa dhidi yangu. Kutojua sheria si utetezi. Hilo hufundishwa katika somo la kwanza la sheria. Aidha, serikali inahitaji mapato, na kila msamaha huwa mlango wa wajanja. Sizipuuzi hoja hizi. Bila sharti la kifungu cha 19, wengi wasingelipa kabisa. Lakini kanuni ya kwamba kutojua si utetezi husimama juu ya dhana kwamba sheria inaweza kujulikana na anayetaka kuijua. Katiba yetu ya mwaka wa 2010, kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Kifungu cha 48 kinaitaka serikali ihakikishe kila mtu anaifikia haki, na kwamba ada yoyote inayohitajika iwe ya kadiri na isiwe kizuizi cha haki hiyo. Kifungu cha 159 kinazitaka mahakama zitende haki bila kuelemea mno utaratibu. Ushuru wa shilingi 200 ni wa kadiri, hilo sibishi. Kizuizi kiko katika ukimya unaouzunguka.

Jirani zetu wa Tanzania wamekwisha kupiga hatua. Mwaka wa 2021 walibadilisha sheria yao ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Huko "ushuru wa stempu" ni istilahi rasmi inayojulikana maofisini. Sidai kwamba tafsiri pekee imemaliza migogoro yao ya ardhi. Nasema tu kwamba mwananchi anapoonywa kwa lugha yake, lawama ya kutojua huwa yake kwa haki.

Basi tufanye nini? Nina mapendekezo matatu, wala si makubwa.

La kwanza ni la ofisi za machifu. Naibu wa chifu anayekubali kugonga muhuri kwenye mkataba wa ardhi awe na wajibu wa kumwambia mnunuzi maneno haya, na yabandikwe ukutani kwa Kiswahili: muhuri huu unaonyesha tu kwamba mmeandikiana mbele yangu; ushuru wa stempu bado, nao ulipwe katika siku 30. Bango la namna hiyo halihitaji bajeti ya Bunge. Linaweza kuwekwa pia katika vituo vya Huduma na katika sajili za ardhi.

La pili ni la wenye kutunga na kusimamia sheria. Adhabu ya kuchelewa itenganishwe. Aliyeandika bei ya uongo aadhibiwe bila huruma. Aliyechelewesha mkataba wenye ushuru mdogo usiobadilika asamehewe adhabu, alipe ushuru wake, tena aweze kuulipa katika mahakama hiyohiyo ambamo hati imezuiliwa, siku hiyohiyo, badala ya kuzungushwa kutoka ofisi hadi ofisi huku mashahidi wake wakizeeka. Naye mthamini anapokadiria thamani kuliko bei iliyoandikwa, atoe sababu zake kwa maandishi, kwa lugha rasmi ambayo mnunuzi ataichagua.

La tatu ni letu. Kila mwaka chama chetu huandaa makongamano. Tunajadili fasihi, isimu na hatima ya Kiswahili katika karne hii, na ni vyema tufanye hivyo. Lakini lini tuliketi na wenzetu wa kitivo cha sheria tukaandika kielelezo cha mkataba wa mauziano ya ardhi kwa Kiswahili sanifu? Mkataba huo ungekuwa na nafasi ya sahihi za pande zote mbili na za mashahidi, kwa kuwa tangu mwaka wa 2003 sheria ya mikataba inataka mkataba wa ardhi uandikwe, utiwe sahihi na wahusika wote, na sahihi hizo zishuhudiwe. Chini kabisa pangekuwa na mstari mmoja wa kumkumbusha mnunuzi ushuru wa stempu na siku zake 30. Tungeupeleka mabarazani wakati wa likizo, kila mmoja kwao. Tukiweza kuchambua sitiari ya ubeti mmoja kwa kurasa kumi, hatushindwi kumweleza mzee tofauti ya muhuri na stempu.

Kesi ya mjomba ingali mahakamani. Mkataba wake hatimaye umepokelewa, na mashahidi watatu waliosalia wametoa ushahidi. Likizo iliyopita nilikwenda kumwona. Alinionyesha mkataba ule, ukiwa bado katika mfuko wake wa plastiki, pamoja na risiti ya malipo iliyobanwa nyuma yake. Nikamweleza niliyojifunza: kwamba muhuri wa chifu unasema nani alikuwapo, na ushuru wa stempu unasema deni la serikali limelipwa, na kwamba mahakama huuliza juu ya hilo la pili kabla ya kusikiliza la kwanza. Alinyamaza kitambo, akaitazama risiti.

"Maneno haya ni machache," akasema. "Mbona hapakuwa na mtu wa kuniambia siku ile?"